White Sox wachezea kichapo cha 121: tuchambue walifikaje hapa na watatokaje

#1 Kusini35 (mleta uzi) | Septemba 28, 2024

Wakuu, kwa waliolala: ligi kuu ya besiboli Marekani, usiku wa kuamkia leo pale Comerica Park, Detroit Tigers 4, Chicago White Sox 1. Hicho ni kichapo cha 121 msimu huu. Rekodi ya zama hizi, yaani kuanzia 1901, ilikuwa vichapo 120 vya New York Mets mwaka 1962. Imedumu miaka 62 na imevunjwa mbele ya Wadetroit wanaorukaruka uwanjani, kwa sababu ushindi huohuo umewapeleka hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014.

Hao Tigers wenyewe mwezi Julai walikuwa wanauza wachezaji. Walimtoa mrushaji wao mzuri (anayemrushia mpigaji mpira), Jack Flaherty, kwenda Dodgers. Leo wako mtoano, na waliouza kila kitu huko Chicago wako kwenye vitabu vya historia kwa mlango wa nyuma.

Nyuzi za kuchekana zipo za kutosha humu. Hapa nataka hoja: tatizo ni kocha, ni bahati mbaya, ni majeruhi, au ni namna kikosi kilivyojengwa? Msimamo wangu natangulia kuusema: ni ujenzi. Karibuni mnipinge kwa takwimu.

#2 Mgosi_Chumbageni | Septemba 28, 2024

Kabla hatujaenda mbali, tuiweke rekodi sawa, maana vyombo vya habari vinaitaja kiholela. Ni rekodi ya idadi ya vichapo tu. Kwa asilimia za ushindi bado kuna wabovu zaidi yao. Philadelphia Athletics ya 1916 ilishinda 36 ikapoteza 117, yaani .235 (asilimia 23.5). Mets ya 1962 ilimaliza 40 kwa 120, sawasawa na .250. Sox leo wako 39 kwa 121, zimebaki mechi mbili. Wakishinda zote mbili watamaliza .253, juu ya Mets.

Na ukirudi kabla ya 1901 kuna Cleveland Spiders ya 1899: walishinda 20, wakapoteza 134. Mmiliki wao alikuwa na timu mbili, akawahamishia nyota wote St. Louis.

#3 DadaKete | Septemba 28, 2024

Naomba elimu wakuu, mimi ni mgeni kwenye mchezo huu, nimezoea Simba na Yanga. Timu inapigwa mara 121 na haishuki daraja? Na hiyo jana nimeona mrushaji wao Crochet alikuwa hajaruhusu hata mkimbio (alama) mmoja, mbona katolewa baada ya iningi nne tu?

#4 Kusini35 | Septemba 28, 2024

Dada, karibu sana. La kwanza: hakuna kushuka daraja. Timu ni 30, ni biashara iliyofungwa, na mgao wa haki za televisheni za taifa unaingia ushinde usishinde. Ndiyo maana mwenye timu anaweza kuvumilia msimu kama huu bila kukosa usingizi.

La Crochet ni zuri zaidi. Garrett Crochet alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, ule wa kupandikiza mshipa, mwaka 2022. Mwaka 2023 alirusha iningi chache mno, na hajawahi kuanza mechi hata moja ligi kuu kabla ya msimu huu. Mkono wa namna hiyo huwezi kuupandisha kutoka iningi kumi na kitu hadi 180 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kuanzia Julai wakamwekea kikomo cha iningi nne, wakati mwingine chini ya hapo. Amemaliza na iningi 146, wapigaji 209 aliowatoa kwa straiki tatu (makosa matatu ya mpigaji), na rekodi ya ushindi 6 kwa vichapo 12. Ni mrushaji wa kiwango cha juu kabisa aliyecheza katika timu mbovu kabisa.

Sasa angalia hesabu yenyewe. Mechi ina iningi (zamu) tisa, kila iningi auti tatu (kutolewa kwa mpigaji au mkimbiaji), jumla auti 27. Mwanzilishi (mrushaji anayeanza mechi) akikupa iningi nne, umepata 12. Auti 15 zilizobaki lazima zitoke bulpeni, kwa warushaji wa akiba wanne au watano. Na hao hao kesho wanahitajika tena. Fanya hivyo mara moja kila siku tano, uongeze na wenzake wanaopigwa mapema na kutolewa iningi ya nne kwa sababu nyingine kabisa, uone kama bulpeni itafika Agosti ikiwa hai.

#5 Omosh_Kasarani | Septemba 28, 2024

Buda mimi naona mnamtetea sana kocha. Pedro Grifol aliachwa akapoteza mechi 21 mfululizo, Julai 10 hadi Agosti 5, akasawazisha rekodi ya ligi ya American iliyowekwa na Baltimore 1988. Wakashinda Oakland 5-1 Agosti 6, halafu siku mbili baadaye ndio wakamfuta. Yaani walingoja ashinde ndio wamtimue. Hiyo ni usimamizi gani?

#6 Mgosi_Chumbageni | Septemba 28, 2024

Omosh, kumfuta ilikuwa sawa, ila pima matokeo. Grifol aliondoka akiwa na 28 kwa 89. Hiyo ni .239. Aliyeshika kwa muda, Grady Sizemore, mpaka jana yuko 11 kwa 32, yaani .256. Umebadilisha kocha, umepata tofauti ya kama mechi mbili au tatu kwa msimu mzima. Hapo ndipo unajua tatizo halikuwa kiti cha kocha.

Na msisahau walianza msimu 3 kwa 22. Aprili tu mambo yalikuwa yamekwisha.

#7 Omosh_Kasarani | Septemba 28, 2024

Sawa, lakini bahati mbaya ilikuwa pia bana. Mei 23 dhidi ya Baltimore, mwisho wa iningi ya tisa, Sox wako nyuma 8-6, auti moja, wakimbiaji wako besi (kituo) ya kwanza na ya pili. Benintendi akapiga mpira ukaenda juu ndani ya uwanja. Kwa sheria, mpira laini wa namna hiyo mpigaji ni auti papo hapo hata usipodakwa, ili walinzi wasiuangushe makusudi wakapata auti mbili. Sasa Andrew Vaughn alikuwa anarudi besi ya pili, mwamuzi akasema amemzuia Gunnar Henderson anayeenda kudaka. Henderson aliudaka bila shida yoyote! Auti mbili, mechi imeisha. Mpigaji anayefuata hakupata hata nafasi ya kushika gongo.

#8 Kusini35 | Septemba 28, 2024

Hiyo naikumbuka, na ilikuwa uamuzi mkali mno. Lakini kumbuka waliingia iningi ya tisa wakiwa nyuma 8-2. Mwamuzi hakuwafunga hiyo minane.

Subirini msimu uishe Jumapili, nitakuja na hesabu ya mikimbio. Ndiyo itakayoamua kesi ya bahati.

#9 Kusini35 | Septemba 30, 2024

Nimerudi. Msimu umekwisha. Walishinda mbili za mwisho hapo hapo Detroit, 4-0 na 9-5, wakamaliza 41 kwa 121. Nyumbani 23 kwa 58, ugenini 18 kwa 63.

Walifunga mikimbio 507. Wakafungwa 813. Kwa mechi moja ni 3.1 dhidi ya 5.0, wakati wastani wa ligi mwaka huu ni karibu 4.4. Hakuna timu iliyofunga kidogo kuliko wao.

Dada Kete na wengine, hii hapa kanuni ya Bill James ya kujua timu ilistahili kushinda mechi ngapi, inafanyika hata kwa kikokotoo cha simu:

1. Mikimbio uliyofunga, izidishe kwa yenyewe: 507 × 507 = 257,049.
2. Uliyofungwa hivyo hivyo: 813 × 813 = 660,969.
3. Jumlisha: 918,018.
4. Gawa ya kwanza kwa jumla: 257,049 ÷ 918,018 = 0.280.
5. Zidisha kwa mechi 162: ni kama 45.

Wapo wanaotumia kipeo cha 1.83 badala ya 2, kwa sababu kinakaribia zaidi matokeo halisi. Kwa hicho unapata 48. Kwa hiyo bahati mbaya, pamoja na bulpeni inayovujisha mechi za karibu mwishoni, imewagharimu mechi nne hadi saba. Zirudishe zote, bado wana vichapo 114 na kuendelea.

Na hiyo 48 inanitia baridi. Wachambuzi wanaopima thamani ya mchezaji huanzia kwenye kiwango cha chini kiitwacho cha mbadala: mtu unayeweza kumchukua leo ligi ndogo kwa mshahara wa kima cha chini, ambao mwaka huu ni dola 740,000. Timu iliyojaa watu wa kiwango hicho tu inakadiriwa kushinda .294, yaani mechi 47 au 48. Mmeona? White Sox ya 2024, na Crochet wao, na nyota wao wa nje Luis Robert, kwa mikimbio imecheza kama timu nzima ya watu wa kuokota. Maana yake ni kwamba wapo wengi kikosini waliokuwa chini ya hapo, wakafuta kazi ya wale wachache wazuri.

#10 DadaKete | Septemba 30, 2024

Asante mkuu, hiyo hesabu nimeifanya mwenyewe imetoka. Swali: wazuri wapo wangapi hasa, na waliobaki walitoka wapi?

#11 Mgosi_Chumbageni | Septemba 30, 2024

Hapa ndipo penye nyama, naomba nijibu kwa kirefu.

Rudi Desemba 2016. White Sox walimuuza Chris Sale kwa Boston, wakapata Yoán Moncada na Michael Kopech. Siku iliyofuata wakamuuza Adam Eaton kwa Washington, wakapata Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 José Quintana akaenda Cubs, majirani kabisa, wakarudi Eloy Jiménez na Dylan Cease. Luis Robert walimsajili kutoka Cuba mwaka huohuo. Kila mtu alisema huo ni ujenzi wa mfano. Na matunda yalionekana: mtoano 2020, halafu 2021 wakachukua kundi lao kwa 93-69 kabla Houston haijawatoa 3-1.

Kilichokosekana ni watu wa nyuma ya nyota. Ligi kuu msimu ni mechi 162 ndani ya miezi sita. Hakuna kikosi kinachocheza na watu 26 wale wale. Timu nzuri hutumia watu 45 mpaka 50 na zaidi. Sox walipoumia Robert, Eloy na Moncada, na hao walikuwa wanaumia kila mwaka, waliopanda kutoka Charlotte, timu yao ya ligi ndogo, walikuwa wa kujazia nafasi tu. Mwaka huu Moncada amecheza mechi 12. Robert amecheza 100, ana wastani wa kupiga wa .224 na homurani 14 (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja). Timu nzima imepiga .221, ya mwisho kwenye ligi, na kwa kiwango cha kufika besi pia ni ya mwisho.

Soko la wachezaji huru nalo hawakulitumia ipasavyo. Mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu hiyo ni wa Andrew Benintendi: dola milioni 75 kwa miaka mitano. Hawajawahi kumpa mchezaji yeyote milioni 100. Hii ni Chicago, jiji la tatu kwa ukubwa Marekani, si kijiji.

Basi ikawa 81-81 mwaka 2022, 61-101 mwaka 2023, mwenye timu Jerry Reinsdorf akawafuta Kenny Williams na Rick Hahn Agosti 2023, akampandisha Chris Getz ambaye alikuwa ndiye mkuu wa malezi ya vijana humo humo ndani. Hakufanya usaili wa nje. Idara iliyoshindwa kuzalisha watu wa akiba, mkuu wake ndiye akapewa funguo. Mnasemaje hapo?

#12 Omosh_Kasarani | Septemba 30, 2024

Hapo umenena. Lakini angalau sasa wana nafasi ya kwanza kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji chipukizi), si ndio? Kupoteza 121 kuna faida moja.

#13 Kusini35 | Oktoba 1, 2024

Omosh, kaa chini kwanza kabla sijakuambia.

Hawana. Tangu drafti ya 2023 nafasi sita za mwanzo zinapangwa kwa bahati nasibu kati ya timu 18 zisizofika mtoano. Tatu za mkiani kila moja ina asilimia 16.5 ya kupata ya kwanza. Lakini ndani ya makubaliano kuna kipengele: timu ya soko kubwa, ambayo inachangia mfuko wa kugawana mapato badala ya kupokea, hairuhusiwi kupata nafasi ya bahati nasibu miaka miwili mfululizo. White Sox walichagua wa tano mwaka huu, wakamchukua mrushaji wa mkono wa kushoto Hagen Smith kutoka Arkansas. Kwa hiyo mwaka 2025 juu kabisa wanapoweza kuchagua ni nafasi ya 10.

Timu iliyopoteza kuliko zote tangu 1901 itakaa pembeni wenzake tisa wachague kwanza. Wakati Houston walipojijenga upya ilikuwa rahisi: unakuwa wa mwisho, unachagua wa kwanza, miaka mitatu mfululizo ikibidi. Baltimore walipoteza 115 mwaka 2018, wakapata Adley Rutschman, na mwaka 2023 walishinda 101. Njia hiyo sasa imefungwa nusu.

#14 DadaKete | Oktoba 1, 2024

Kwa hiyo wanatokaje?

#15 Mgosi_Chumbageni | Oktoba 1, 2024

Wakaangalie hao hao waliowapiga. Tigers ya 2003 ilipoteza 119, ikashinda 43. Miaka mitatu baadaye, 2006, ilishinda 95 na kucheza fainali ya dunia. Walichofanya: drafti ya 2004 walimchukua Justin Verlander nafasi ya pili, sawa, lakini hawakukaa kusubiri akue. Februari 2004 wakamlipa Iván Rodríguez, mdakaji nyota, kipindi ambacho hakuna mchezaji mkubwa aliyetaka kwenda Detroit. Mwaka uliofuata wakamchukua Magglio Ordóñez, ambaye alitoka wapi? White Sox hao hao. Kisha Kenny Rogers. Mwenye timu Mike Ilitch alikubali kulipa zaidi ya bei ya soko, kwa sababu ukiwa wa mwisho unalipa nyongeza ya aibu ili mtu akubali kuja.

Sidhani Reinsdorf atalipa nyongeza hiyo. Kwa hiyo zimebaki njia tatu: kumuuza Crochet, kuokota watu waliotupwa na wengine, na kuwalea vizuri vijana walioko Birmingham, timu yao nyingine ya ligi ndogo. Hao Barons wa daraja la pili la vijana wamechukua ubingwa wa Southern League mwezi uliopita, kwa hiyo kule chini si jangwa.

#16 Ndizi_Ntinda | Oktoba 2, 2024

Nje ya mada kidogo: hawa White Sox wana skauti Afrika? Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda 2022.

#17 Kusini35 | Oktoba 2, 2024

Mkuu, fungua uzi wake, huo tutaujaza kurasa. Mshipa wa Sox nje ya Marekani miaka yote ni Cuba: José Abreu, Moncada, Robert.

#18 Kusini35 | Desemba 12, 2024

Naufufua uzi. Crochet ameuzwa. Boston tena, kama Sale miaka minane iliyopita, mwezi huohuo. Waliorudi ni wanne: mdakaji Kyle Teel, mchezaji wa nje Braden Montgomery, Chase Meidroth wa ndani, na mrushaji Wikelman González.

Jinsi ya kupima biashara kama hii: usiangalie majina, angalia miaka. Mchezaji anakuwa huru baada ya miaka sita ya utumishi ligi kuu. Mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, mitatu inayofuata mshahara unaamuliwa kwa usuluhishi kama hawakuelewana. Crochet alikuwa amebakiza 2025 na 2026. Sox hawangeshinda chochote ndani ya misimu hiyo miwili. Wamebadilisha miaka miwili ya mtu mmoja kwa takriban miaka 24 ya watu wanne. Hata wawili kati yao wakiferi, hesabu inaweza kulipa.

#19 Mgosi_Chumbageni | Desemba 12, 2024

Nakubali kwa shingo upande. Tofauti na 2016: safari hii wameshika wapigaji wanaotazama mpira vizuri, hawagongi ovyo. Teel na Meidroth sifa yao kubwa ni kufika besi, na hilo ndilo lililokuwa donda.

Julai walichemka lakini. Erick Fedde walimsajili kwa milioni 15 za miaka miwili baada ya kuwa mchezaji bora wa ligi ya Korea, akawarushia vizuri mno, halafu wakamuunganisha na Kopech na Tommy Pham katika biashara ya timu tatu. Kikubwa walichopata ni Miguel Vargas, ambaye mpaka msimu unaisha alikuwa hajapiga kitu. Mali nzuri, bei mbaya.

Na mwangalieni mtu mmoja: Shane Smith, mrushaji waliyemchukua jana kutoka Milwaukee, wa kwanza kabisa katika drafti ya Kanuni ya 5 (ya kuchukua wachezaji wa ligi ndogo wa timu nyingine). Huko unalipa dola 100,000, lakini lazima akae kwenye kikosi cha watu 26 msimu mzima; ukimshusha ligi ndogo, kwanza umrudishe kwa wenyewe kwa nusu ya bei. Timu inayowania ubingwa haiwezi kubeba mwanafunzi msimu mzima. Timu iliyopoteza 121 inaweza. Hiyo ndiyo faida pekee halali ya kuwa wa mwisho.

#20 Omosh_Kasarani | Oktoba 3, 2025

Mgosi, wewe ni mganga? Shane Smith ameenda mechi ya nyota wote!

#21 Kusini35 | Oktoba 3, 2025

Ripoti ya mwaka mmoja baadaye, kwa kifupi. Chini ya kocha mpya Will Venable wamemaliza 60 kwa 102. Ni msimu wa tatu mfululizo wa vichapo 100 na kuendelea, hakuna wa kusherehekea. Ila ni nyongeza ya ushindi 19, na haikununuliwa kwa wazee wa msimu mmoja. Colson Montgomery alipandishwa Julai 4, akapiga homurani 21 ndani ya mechi 71, huku akicheza shotistopu, nafasi ngumu kuliko zote za ndani. Teel na Edgar Quero wanagawana udakaji. Quero ndiye aliyepatikana 2023 walipomtoa Giolito kwenda Angels. Drafti, nafasi ya 10 kama tulivyosema, wakamchukua Billy Carlson, shotistopu wa sekondari. Huyo msimsubiri kesho.

Na kuna la juu zaidi. Juni walitangaza makubaliano ya Justin Ishbia kuichukua timu: Reinsdorf akitaka anaweza kumwachia kati ya 2029 na 2033, na baada ya msimu wa 2034 Ishbia ndiye mwenye hiari ya kuchukua. Mkataba wa uwanja nao unaisha 2029. Ukiunganisha hizo tarehe utaona kwa nini hakuna anayekimbilia kumwaga fedha leo.

#22 DadaKete | Oktoba 4, 2025

Nimefuatilia msimu mzima kutoka Dar, nawapa wageni dondoo: mechi za jioni Chicago huwa saa 8:40 usiku kwetu, hizo achana nazo. Za mchana, nyingi ni Jumapili na siku ya kuondoka ugenini, zinaanza saa 3:10 usiku. Hizo unaangalia ukiwa umekula na kutulia.

#23 Mgosi_Chumbageni | Januari 22, 2026

Mambo yamekimbia. Desemba walishinda bahati nasibu, watachagua wa kwanza drafti ya Julai. Wakamsajili Munetaka Murakami kutoka Yakult ya Japani kwa miaka miwili, milioni 34. Na juzi Robert kaenda Mets, karudi Luisangel Acuña pamoja na mrushaji kijana, Truman Pauley.

Murakami ndiye wa kuangaliwa. Mwaka 2022 alipiga homurani 56 kule Japani, hakuna mzaliwa wa nchi hiyo aliyewahi kufikisha idadi hiyo kwa msimu mmoja. Bei yake imeshuka kwa sababu moja: anakosa mpira mno. Japani mpira wa kasi kwa wastani uko chini ya ule wa Marekani, kwa hiyo mwenye pengo la kugusa huko, pengo linapanuka akivuka bahari. Aprili nitaangalia jambo moja tu: mipira ya maili 95 na zaidi inayorushwa juu ya eneo la straiki. Akiigonga hata kwa kuipeleka nje ya mstari, yuko salama. Akiipita hewani, kila mrushaji atajua ndani ya wiki tatu.

#24 Omosh_Kasarani | Januari 22, 2026

Kwa nini miaka miwili tu? Kijana ana miaka 25.

#25 Kusini35 | Januari 23, 2026

Kwa sababu inamfaa kila mmoja. Akifanikiwa, anarudi sokoni akiwa na miaka 27. Kwa Sox, akichanua mapema na timu bado iko chini, Julai 2027 wanamuuza kama walivyofanya kwa Fedde, ila safari hii nawaomba wadai bei kamili.

Kuna na sababu ambayo haitajwi sana. Makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji yanaisha Desemba 1, 2026, na wamiliki wengi wanataka kikomo cha mishahara. Hakuna anayejua kanuni za 2027 zitakuwaje, wala kama msimu utaanza kwa wakati. Ndiyo maana milioni 20 za Robert zimehamia New York, na kitabu cha mishahara cha Sox kuanzia 2028 ni karibu kitupu. Benintendi anamaliza 2027. Swali ni nani atakuwa ameshika kalamu wakati huo: mzee ambaye hajawahi kuandika milioni 100, au Ishbia.

#26 Mgosi_Chumbageni | Januari 23, 2026

Na kalamu yenyewe, ianzie kwa warushaji. Wapigaji vijana wanatosha. Waanzilishi wa kutegemewa ni Shane Smith, na baada yake ni maombi. Hagen Smith bado anagawa besi za bure kupita kiasi huko Birmingham. Asipodhibiti hilo ifikapo Juni, mimi ningeanza kumwandaa kwa bulpeni.